Dawa Iliyolala na Mbegu

Mimi ni fundi cherehani, na mtu yeyote wa Bagara, hapa Babati, atakuambia kwamba nina mdomo. Sikatai. Nimeshonea kwenye baraza ya nyumba yangu tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya, barabara iko mbele yangu, na mtu akipita bila kusalimia namsalimia mimi kwa sauti mpaka ageuke. Mteja akija kuulizia nguo kabla ya siku yake namwekea kigoda, namhadithia habari za mjini, na mara nyingi anaondoka hajakumbuka kilichomleta. Lakini kwenye ufundi sina mchezo. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano huku nimemkazia mteja macho, tunabishana urefu wa sketi, na vidole vyenyewe vinajua tundu liko wapi. Nilijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote, na nilihakikisha watu wanaliona.

Kisukari ninacho miaka mingi. Tulianza na vidonge, baadaye daktari akasema sasa ni sindano, insulini, asubuhi na jioni. Nilimwambia mimi na sindano tumeishi pamoja miaka yote hii, sidhani kama tutagombana leo. Na kweli hatukugombana. Nilijidunga, nikala ugali wangu wa ukubwa wa ngumi na mlenda, nikatembea mpaka sokoni na kurudi, sukari ikatulia. Dawa ya akiba ilikaa kwenye friji, mlangoni, pale wengine wanapoweka mayai. Sikuwahi kuifikiria dawa hiyo kama kitu chenye matatizo. Mwenye matatizo nilikuwa mimi.

Halafu ukaja ule mwaka wa joto. Kwa kawaida, ikifika mwezi wa kumi na moja, mlima Kwaraa unajifunga wingu kichwani na sisi huku chini tunaanza kuanua nguo. Mwaka ule mlima ulikaa kichwa wazi mpaka tukauzoea. Vuli haikuja. Bati la nyumba yangu lilikuwa linalia tangu saa nne asubuhi kwa jinsi lilivyokuwa linatanuka, na ndani huwezi kukaa. Redioni walikuwa wanazungumza kila siku habari ya mabadiliko ya tabianchi. Nilisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza habari ya msiba wa mtaa wa pili: unasikitika, unaendelea kukata kitambaa. Nilijua ni mambo ya wakulima, labda na wafugaji wa huko Hanang ambao ng'ombe wao walikuwa wanapita na mbavu nje. Sikujua kwamba yataingia kwenye friji langu.

Umeme ukawa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Siku moja ulirudi kwa nguvu zote. Friji likatoa mlio, likatetemeka, likanyamaza.

"Limepumzika," alisema mume wangu, ambaye ni mtu wa matumaini.

"Limekufa," nikamwambia, na fundi wa mafriji alipokuja akakubaliana na mimi.

Nilikuwa na chupa tatu za insulini wakati huo. Moja niliyokuwa naitumia nikaifunga kwenye kitambaa kibichi chumbani, na mbili za akiba zikawa zinatafuta makazi. Jirani yangu anauza samaki wa ziwani na ana friza kubwa. Nikampelekea chupa moja kwanza, nimjaribu. Aliipokea kwa moyo mweupe, akaiweka chini kabisa, katikati ya kambale, akiamini kwamba kama baridi ni nzuri basi baridi nyingi ni nzuri zaidi. Nilipoifuata ilikuwa jiwe. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka usiiguse, na akaitupa mbele yangu. Nilimshukuru jirani, maana alikusudia mema, ila dawa yangu nikaacha kumpa.

Ndipo nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Mimi na mume wangu wote ni watu wa juu, Mbulu. Tumezaliwa kwenye baridi ile ambayo asubuhi mtoto anakwenda shule amejifunika blanketi, na maziwa ya jana unayakuta mazima. Nikajiambia, kwa nini nihangaike kutafuta baridi ya kuazima mjini wakati kwetu iko ya bure? Kule juu anakaa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, peke yake kwenye nyumba ya wazazi wao. Ni mtu makini. Mbegu zake za mahindi na maharage zinajulikana. Majirani wakiharibikiwa wanakwenda kwake. Nikatia ile chupa ya akiba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikamkabidhi abiria ninayesali naye aliyekuwa anakwenda Mbulu, nikampigia wifi simu.

"Wifi, dawa hii ndiyo uhai wangu," nilimwambia. "Iweke mahali salama kuliko mahali pote ulipo napo. Watoto wa jirani wasiifikie, panya wasiifikie. Nikiishiwa nitakwambia unitumie."

"Nimeelewa," akasema. Wifi hana maneno mengi.

Mume wangu aliniuliza kama nimemweleza habari ya baridi. Nilimwambia mtu wa Mbulu haelezwi habari ya baridi, ni sawa na kumweleza samaki habari ya maji. Akanyamaza. Miaka yote ya ndoa imemfundisha mahali pa kunyamaza.

Januari chupa ya chumbani ikaisha, nikaomba ile ya Mbulu, ikaja na basi ikiwa imefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi. Nikaanza kuitumia.

Sasa katika siku hizo ndipo kitinda mimba wangu alikuwa anajiandaa kuolewa. Ndoa ilipangwa baada ya Pasaka, na kabla yake sendofu ya kumuaga hapa nyumbani Babati. Anafanya kazi dukani pale mjini, angeweza kununua gauni lililoshonwa tayari. Akasema hataki. "Mama, gauni la sendofu unanishonea wewe, na shanga za shingoni unazishona kwa mkono. Nimewaambia wenzangu wote." Mtoto huyu nilimbeba mgongoni nikishona sare za shule, amekua akilala kwenye mabaki ya vitambaa. Nikamwambia nitamshonea gauni ambalo wageni watasahau kula.

Nikakata kitambaa vizuri. Nikashona mwili wa gauni vizuri. Nikafika kwenye shanga, nikachukua sindano ya mkono, nikachukua uzi, na uzi haukuingia.

Nilijaribu tena. Nikaulamba uzi. Nikaukata ncha upya. Tundu la sindano lilikuwa pale, halafu lilikuwa mawili, halafu halikuwepo. Nikalaumu uzi. Kesho yake nikanunua uzi mwingine, nikalaumu sindano, nikasema siku hizi sindano wanatoboa nusu. Nikasogeza kiti kwenye mwanga. Nikamlaumu mume wangu kwa kusimama kwenye mwanga, na wakati huo alikuwa ameketi upande wa pili wa uwanja anamenya maharage.

Nilikuwa nakunywa maji kupita kiasi pia, na kwenda chooni kila saa, lakini kwa joto lile nani alikuwa hanywi maji? Mtaa mzima ulikuwa na kiu. Nilikuwa nachoka, kila mtu alikuwa anachoka. Ule mwaka ulinifichia ugonjwa wangu kwa kuwafanya wote wafanane na mimi. Kilichonifichua ni mzee mmoja wa kanisa. Nilimshonea suruali, akaivaa Jumapili, na Jumatatu akanijia amenuna. Nilikuwa nimeshona mfuko nikaufunga kabisa, juu na pembeni. Alikuwa ameweka mkono pale mbele ya kapu la sadaka, waumini wote wako nyuma yake kwenye foleni, anapapasa hapati mahali pa kuingilia. Aliponieleza nilicheka mpaka nikashika ukuta, na yeye mwisho akacheka. Alipoondoka nikaingia ndani nikakaa kitandani.

Niliogopa. Naandika wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Kliniki tulikuwa na mama mmoja wa Nangara, mcheshi, tulikaa naye benchi moja miaka mingi, na sukari ilimchukua macho polepole. Mwisho nilikuwa namshika mkono kumpeleka kwenye mizani, na ananiuliza nimevaa kitenge cha rangi gani. Nikajiona mimi kwenye lile benchi, naulizia rangi. Fundi asiyeona atashona nini? Na yule mtoto atavaa nini, amewatangazia wenzake wote?

Nikaenda kliniki. Nesi wa pale ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, lakini anakutazama kama mwalimu mkuu. Aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nikamwitikia, akanitoboa kidole, akatazama mashine, akaitazama tena. Namba yenyewe sitaiandika hapa. Sitaki wajukuu waione.

"Mama, umekula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Na nini?"

"Na maji."

"Mama," akasema, akaweka kalamu chini. "Soda ngapi kwa siku? Joto hili kila mtu anakunywa soda. Niambie tu, sitakugombeza."

Hapo nikawaka. Nilimwambia soda nimeiaga kabla yeye hajajua kusoma, na kama hataki kuniamini aende akamuulize muuza duka wetu, na kwamba mimi si mtoto wa kulamba sukari gizani. Benchi zima la nje likageuka kusikiliza. Nesi akasubiri nimalize. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Dawa unaihifadhi wapi?"

"Mbulu," nikasema.

Akarudia, "Mbulu," kama mtu aliyedhani hajasikia. Nikamweleza habari ya friji, habari ya kambale, habari ya baridi ya kwetu na wifi yangu makini. Akaomba aione ile chupa, nilikuwa nayo kwenye pochi. Akaizungusha kiganjani polepole, akaiinua dirishani. Mimi sikuona kitu, lakini aliniambia dawa ilikuwa na vipande vimeganda ukutani mwa chupa, kama maziwa yaliyokatika.

"Mama, dawa hii imeona moto. Umekuwa unajidunga maji."

"Moto gani? Mbulu?"

"Sijui. Lakini imeona moto."

Aliniambia mambo mawili, na lile la kwanza ndilo lililonirudisha nyumbani nikitembea badala ya kupanda bajaji, kwa jinsi nilivyofurahi. Alisema macho kuwa na ukungu sukari inapopanda si lazima yawe yamekufa. Nikitumia dawa nzima na sukari ikashuka na kukaa chini, huenda yakarudi baada ya wiki kadhaa. Akasisitiza huenda. Daktari naye akanitazama macho kwa taa, akasema maneno hayo hayo. La pili alisema kwamba kama sina friji niweke dawa kwenye chungu kidogo, ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, kivulini penye upepo. Nikamwambia mimi ni mtu wa mjini, mambo ya vyungu niliyaacha kwa mama yangu. Akanipa chupa mpya, akaniambia vyovyote vile nisiipeleke Mbulu.

Jioni hiyo niliwaeleza mume wangu na binti yangu kila kitu. Mume wangu hakusema, "Nilikuuliza." Alikuwa na haki ya kusema, na aliitafuna pamoja na chakula chake. Binti akachukua kimto changu cha sindano, akakaa chini ya taa, akatia nyuzi kwenye sindano saba, akazichomeka zikiwa zimepangana. "Kila jioni nikitoka kazini nitakutilia saba," akasema. "Wewe shona tu, hata zikienda upande." Nilijifanya nakohoa.

Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja, nalo lilikuwa wifi. Nilitaka kujua dawa yangu iliona moto wapi. Asubuhi ya Jumamosi nikapanda basi la Mbulu.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Mpaka tunapita Dareda nilikuwa nimeshapata ya kufungulia. Tulipoanza kupanda ukuta wa mlima nilikuwa na ya katikati, makali, na ya kumalizia yangekuja yenyewe. Zamani basi likifika juu nilikuwa natoa sweta kwenye mfuko kabla hata hatujamaliza kona ya mwisho. Siku hiyo sweta ilibaki mfukoni, na dirisha nikalifungua. Niliona, lakini sikutilia maanani. Mtu mwenye hasira hatazami hali ya hewa.

Wifi alikuwa uani anapeta maharage. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo hasira yangu ililazimika kusimama foleni nyuma ya shikamoo. Marahaba, karibu, pole na safari, za huko, wazima, mume wangu mzima, harusi inakwendaje. Mgeni wa kwetu hasemi neno lake kabla hajanywa maji, kwa hiyo akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, nikayanywa yote kwa mkupuo, akaniongezea nikanywa. Nikaweka kikombe chini.

"Wifi," nikasema, "dawa yangu uliiweka wapi?"

Uso wake ukachangamka. Hakuna siku niliyomwona anachangamka vile. Akainuka, akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akapanda juu ya kigoda na miaka yake yote ile, akanyoosha mikono kwenye dari ya fito, pale juu ya mafiga. Akashusha kapu. Ndani kulikuwa na mahindi ya mbegu, makubwa, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe, meusi kwa moshi. Kulikuwa na kibuyu cha maharage ya mbegu yaliyochanganywa na majivu. Na katikati yao kulikuwa na kiota. Sijui niite nini kingine. Alikuwa amekitengeneza kwa kipande cha kitenge, nikakitambua, ni mabaki ya gauni nililomshonea mwaka aliofiwa na mama yao.

"Ilikaa humu," akasema. "Kila siku nilikuwa naipitishia mkono nione kama iko sawa. Panya hapandi hapa, moshi haumruhusu. Unyevu hauingii. Ilikuwa na joto zuri, kavu kabisa."

Mimi pia nimekulia kwenye jiko kama lile. Mama yangu naye, kitu alichokiona ni uhai wa nyumba, alikiweka juu ya moto: mbegu, na hakuna kingine. Pesa aliweka chini ya godoro, lakini mbegu juu ya moto. Nilikuwa nimemwambia wifi dawa ni uhai wangu, panya wasiifikie, na yeye akaipeleka mahali pekee ambapo watu wetu wanapeleka uhai. Neno baridi sikulitamka hata mara moja, na barafu ya kwenye chupa ya chai bila shaka ilimfikia imeshakuwa maji. Nilimjibu mume wangu jambo la samaki na maji, nikacheka mwenyewe, nikapanda kitandani nikalala.

Maneno yangu yote ya kwenye basi yakaisha. Nikaanza kucheka, nikakaa kwenye kigoda chake nikacheka, na wifi akacheka kwa kunisindikiza bila kujua tunacheka nini. Kisha ikabidi nimweleze.

Akaacha kucheka. Akaketi chini kando ya mafiga, mikono mapajani.

"Nimekuua," akasema.

"Hujaniua, si huyu hapa nakusumbua."

"Nimekupofusha."

Nilikuwa nimesafiri na maneno ya kumsema, na sasa nilitakiwa nitafute ya kumbembeleza, na katika hayo sina mazoezi. Nilimwambia kosa ni langu, mdomo wote huu na nikasahau neno moja. Nilimwambia macho yatarudi, nikaondoa lile neno la nesi, huenda. Baadaye akasema, kama anajisemea, kwamba hata mbegu zenyewe mwaka huu hazielewi. Amezitunza vilevile kama mama yake, amezipanda siku zilezile, jua limezipikia ardhini, hata zile chache zilizoota zimenyauka. Akasema zamani jikoni ndipo mahali pekee pa joto katika nyumba ile, na sasa hata chumba cha kulala kina joto, na mbu wamepanda mpaka huku. "Ningejua joto ni adui yako," akasema, "ningeiweka kwenye mtungi na maji."

Nikamtazama. Nikakumbuka yale maji niliyokunywa kwa hasira, vikombe viwili, na jino langu moja bovu lilikuwa bado linauma kwa ubaridi. Nikatoka nikaenda kwenye kona ya baraza. Mtungi wa mama yao ulikuwa pale kivulini, mnene, mdomo mpana, umetoka jasho, chini yake pamelowa. Nikauwekea kiganja, halafu shavu. Siku yenye joto vile, mtungi ule ulikuwa baridi kama asubuhi za utoto wetu.

"Wifi," nikaita, "nesi wangu alikuwa anasema habari ya vyungu, nikamtolea ukali."

"Wewe humtolei ukali nani?" akasema. Nikajua amepona.

Sikumwomba mtungi. Asubuhi nilimkuta ameshaumwaga maji, ameufunga kwenye blanketi, amevaa viatu vya kanisani. Alisema yeye ana ndoo ya plastiki inamtosha, na safari hii habari ya dawa yangu hataki kuisikia kwenye simu, anakuja kuiweka mwenyewe. Kwenye basi kondakta alitaka mtungi uingie kwenye buti. Wifi akamwambia aingie yeye kwanza alale huko, akitoka mzima ndipo wazungumze. Ulisafiri mapajani mwake mpaka Babati, kila kona anauzungushia mikono, na abiria wa nyuma akamuuliza kama mtoto ana umri gani. "Ni mama yangu," akajibu.

Tukaleta mchanga, tukautia ndani ya mtungi, tukachimbia humo chungu kidogo chenye dawa ndani na kifuniko juu, tukaumwagia maji, tukauweka pembe ya baraza ambapo upepo wa ziwani unapita. Wifi alikuja kwa siku tatu, akakaa mpaka baada ya Pasaka. Tuligombana kila siku. Yeye alitaka kuumwagilia mtungi kwa kata, mimi kwa kikombe. Yeye alisema mchanga umekauka, mimi nilisema haujakauka, na mume wangu katikati yetu alinenepa. Wateja walizoea, wakija kupimwa wanauliza kwanza mtungi umenyweshwa? Nesi aliponipima mara ya tatu akatazama mashine, akanigeuzia niione mwenyewe, nikajifanya sioni ili anisomee kwa sauti. Akataka aelezwe mtungi umekaaje, akaandika kwenye daftari, akamwita wifi mwalimu. Wifi hakulala siku hiyo kwa majivuno.

Macho lakini yalinyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ukungu uleule. Niliendelea kushona shanga kwa sindano za binti, saba kwa siku, kwa kupapasa, na sikumuuliza mtu yeyote mstari unakwendaje. Wala wao hawakusema. Mvua za masika zilianza, za kumwaga kwa hasira ya miezi yote ile, Kwaraa ukapotea kabisa, na mimi sikujua kama umefunikwa na wingu au na macho yangu.

Siku chache kabla ya sendofu tulikuwa barazani alasiri, mvua imekata. Wifi alikuwa anarekebisha pindo la gauni atakalovaa, maana pindo nililomshonea mimi alidai ni fupi kwa mtu wa heshima. Uzi wake ukaisha. Bila kugeuka akaninyooshea sindano na uzi, kama alivyokuwa ananinyooshea miaka yote, tangu nilipoolewa.

"Nitilie."

Halafu akakumbuka. Akarudisha mkono haraka. "Basi, wifi. Nimesahau."

Nikamnyang'anya. Sikuulamba uzi. Niliinua sindano kwenye mwanga, na tundu lilikuwa pale, moja, jembamba, nyuma yake naona jani la mgomba. Nikasukuma uzi ukaingia. Nikauvuta upande wa pili nihakikishe. Wifi alinitazama, mimi nikatazama uzi.

"Umeingia?" akauliza.

"Umeingia."

Nikavuta gauni la mwanangu nikaliona kwa mara ya kwanza. Mstari wa shanga ulikuwa unapanda na kushuka kama njia ya Mbulu. Nikasema nafumua wote. Wifi akaweka kiganja chake juu ya shanga, akasema nikithubutu atarudi kwao leo na mtungi wake. Nikaacha. Badala yake nikavuta kimto.

Binti alirudi kutoka kazini jioni, akavua viatu, akakaa chini ya taa kama kawaida, akachukua kimto aanze kazi yake. Akakuta sindano saba zimepangana, zote zina nyuzi.

"Shangazi," akasema, "leo umetia wewe?"

"Mimi? Na macho yangu haya?" akajibu wifi, akaendelea kuchambua mchele.

Binti akageuka akanitazama. Mimi niliyekuwa na mdomo kwa kila mpita njia, nilitafuta neno nikalikosa, na machozi yakaanza kunichafulia uso aliokuwa ananitazama nao, uso ambao niliuona vizuri mpaka kope.

"Nenda kamwagilie mtungi," nikamwambia.